Nchi Isiyojua Kusema Sijui

Nchi ya Yakini haimo katika ramani yoyote inayouzwa madukani, na wenyewe wanasema kosa ni la wachora ramani. Profesa Sauda Mwinyikai alifika huko akiwa na umri wa miaka sitini na ushei, begi moja la nguo, mawili ya vitabu, na fimbo ya mpingo aliyoanza kuitembelea tangu goti lake la kulia lilipomgomea. Safari yenyewe haina la kusimuliwa. La kusimuliwa ni yale aliyoyakuta.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisomesha ushairi wa kale na lugha ambazo wasemaji wake walikwisha kufa. Alisifika kwa ulimi wake. Mkaguzi mmoja wa elimu aliwahi kumuuliza lugha zilizokufa zina faida gani, naye akajibu kwamba faida yake kubwa ni kuwa wenyewe hawawezi kuja kumsahihisha. Jibu hilo lilifika Yakini. Hawakucheka, lakini walisikia kwamba lilitolewa papo hapo, na kwao wepesi wa kujibu ndiyo elimu yenyewe. Wakamwita akawe Mkuu wa Chuo Kishiriki cha Nguzo. Wazawa wawili walikuwa wameomba kazi ile, ila kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ameshaipata, na kwa mwaka mzima walikuwa wakikalia kiti kimoja cha ofisini pamoja, hadi kikavunjika.

Nchi ile iliongozwa na Sheria ya Jibu. Mtu yeyote mwenye cheo, akiulizwa, sharti ajibu kabla muulizaji hajavuta pumzi ya pili. Neno "sijui" lilikatazwa ofisini, darasani, hospitalini na mahakamani. Ukilitamka barabarani, watu walikohoa kwa nguvu wasilisikie, wakikustahi. Daktari alikutajia ugonjwa wako kabla hujaketi. Idara ya Hewa ikisema leo mvua, watu walitembea na miavuli kwenye jua kali, na waliorudi nyumbani wakavu walijimwagia maji kidogo mabegani kwa ajili ya amani.

Siku ya kwanza Profesa Sauda aliuliza njia ya kwenda chuoni. Wa kwanza alimwonyesha kushoto, wa pili kulia, na wa tatu, mzee mwenye adabu sana, alimshika mkono akamsindikiza mpaka kwenye lango la machinjio.

"Ndiyo hapa, binti yangu," akamwambia. "Usome kwa bidii."

Profesa alisikiliza ng'ombe waliokuwa wakilia ndani. "Ahsante, baba," akasema. "Naona mtihani umeshaanza."

Alipofika chuoni alipokewa na Msajili, Bwana Hakika, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa suti ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote. Bwana Hakika alimtembeza, akamwonyesha jiwe lililosimama langoni, lenye maandishi ya lugha ya kale ya nchi ile. Maprofesa watatu walikuwa wamelitafsiri. Mmoja alisema ni sheria ya kodi, mwingine wimbo wa harusi, na wa tatu maelekezo ya kutia achari ya ndimu. Wote walitunukiwa nishani siku moja.

Profesa Sauda alishinda mbele ya jiwe lile kwa wiki nzima, akipapasa herufi kwa vidole.

"Linaanza na katazo," akamwambia Bwana Hakika. "Usifanye jambo fulani."

"Jambo gani?"

"Hapo ndipo mvua ilipokula."

Bwana Hakika alimtazama kwa huruma. "Basi andika chochote, Mama Mkuu. Mvua haitakuja kulalamika."

Ndipo alipofahamu amekuja mahali gani. Hata hivyo hakuondoka. Wanafunzi wa Yakini walikuwa na macho maangavu kama wa kwingine kote, na darasani mwake, mlango ukishafungwa, walianza mmoja mmoja kuuliza maswali, kwanza kwa kunong'ona, kama watu wanaonunua kitu cha magendo.

Tatizo lilizuka msimu wa mitihani. Chuo cha Nguzo kilijivunia Ukumbi Mkuu, jengo la kale lenye paa zito la vigae, lililobebwa na boriti moja nene iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mwaka wanafunzi wa ujenzi walifanyiwa mtihani wa mdomo chini ya boriti hiyo. Daktari Thabiti, mkuu wa idara, aliinua kijiti chake akauliza, "Boriti hii itadumu kwa muda gani?" Mwanafunzi akajibu, "Milele na zaidi." Akapewa alama zake, akaenda zake.

Mwaka huo zamu ilimfikia kijana aitwaye Mashaka. Jina hilo alipewa na bibi yake aliyetoka ng'ambo ya mpaka, na lilikuwa limemtia matatani tangu shule ya msingi. Alikuwa mpole, mwenye masikio makubwa, na tabia ya kutazama kitu kabla ya kukisemea. Alitazama juu. Unga laini wa njano ulikuwa ukishuka taratibu na kutua kwenye bega la Daktari Thabiti.

"Sijui," akasema. "Haijapimwa."

Watahini wote walikohoa kwa pamoja. Daktari Thabiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akainama mbele. "Hatukusikia vizuri, kijana. Rudia."

"Nimesema sijui, Daktari. Lakini mkinipa ngazi, kufikia jioni nitajua."

Kufikia jioni alikuwa ameshafunguliwa mashtaka. Adhabu ilijulikana: kufukuzwa chuo, na kutoruhusiwa maishani mwake kujenga hata banda la kuku. Shauri lingesikilizwa na Seneti ya chuo, na hukumu ingetolewa na Mkuu.

Kesho yake Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Dhahiri, alifika ofisini kwa Profesa Sauda. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kujibu hata salamu ambazo hajapewa.

"Hili ni jambo dogo," akasema huku akiketi. "Utamtia hatiani, nasi tutakuja kwenye mahafali tukiwa na furaha."

"Na nisipomtia hatiani?"

"Chuo kitafungwa. Majengo yatapewa machinjio, wanahitaji nafasi."

"Mheshimiwa, kijana amekiri tu kwamba hajapima."

"Leo boriti, kesho atasema hajui kama serikali iko imara." Waziri alishusha sauti. "Unafikiri sisi tunajua? Nchi hii inasimama kwa sababu hakuna anayeuliza kwa mara ya pili."

Akaaga, akaenda zake. Profesa alibaki amekaa na chai yake ikapoa. Akamwita Mashaka.

Kijana aliingia, akaamkia, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa mara mbili akae.

"Mwanangu," Profesa akasema, "ukifuta neno lako, nitasema ulipiga chafya. Watu wa huku wamezoea kusikia vibaya. Utahitimu mwezi ujao."

Mashaka alitazama mikono yake. "Mama yangu angefurahi sana."

"Na wewe?"

"Nikishahitimu, Mama Mkuu, mimi ndiye nitakayeambiwa niseme shule ipi ni salama, zahanati ipi ni salama. Nikianza na hili, yale mengine nitayasemaje?" Akamwangalia Profesa. "Naogopa lakini. Sitaki uone kama siogopi."

"Mimi pia naogopa," akasema Profesa Sauda, na baada ya hapo wote wawili wakanywa chai.

Siku ya shauri, wajumbe wa Seneti walipoingia Ukumbi Mkuu walikuta viti vimepangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Safu ya mashahidi ilikuwa katikati kabisa, chini ya boriti. Kiti kikubwa cha mgeni rasmi, chenye mto mwekundu, kilikuwa kimewekwa pale ambapo unga wa njano ulikuwa umetengeneza kichuguu kidogo sakafuni. Mtuhumiwa alipewa kigoda kando ya dirisha.

"Shauri linahusu boriti," akaeleza Profesa Sauda kutoka mezani kwake, karibu na mlango. "Kwa hiyo wale wenye yakini nayo watakaa chini yake. Sisi tusiojua tutakaa pembeni, kama inavyotustahili. Daktari Thabiti, karibu."

Daktari Thabiti alipiga hatua mbili, akatazama juu, akasita. "Mama Mkuu, nina mafua. Pale pana upepo."

"Pole. Profesa wa Sheria?"

Profesa wa Sheria alikuwa na mgongo, na viti vile havikuwa na egemeo zuri. Profesa wa achari ya ndimu alitaka kwanza iundwe kamati ya viti. Bwana Hakika alisema yeye kama katibu ni lazima awe mahali penye mwanga, na mwanga, kwa bahati, ulikuwa nje kwenye baraza. Mmoja baada ya mwingine walisogea, kila mtu na sababu yake njema, hadi Seneti nzima ikawa imebanana ukutani kama watu wanaojikinga na mvua.

Macho yakamgeukia Waziri. Mheshimiwa Dhahiri alitembea kwa madaha hadi kwenye mto mwekundu. Boriti ikalia kwa sauti ndogo, kama mtu anayegeuka kitandani. Unga ukamwangukia utosini.

"Nitasimama," akasema Waziri.

"Hapo?"

"Kule."

Profesa Sauda alingoja mpaka Waziri alipofika ukutani na kupewa nafasi kati ya Daktari Thabiti na dirisha. Kisha akasema polepole, bila kebehi sautini, "Chuo hiki kina hakika kamili kuhusu boriti yake, isipokuwa hakuna aliye tayari kuwa na hakika hiyo mahali penyewe. Kijana huyu alisema hajui. Nasi tumesema hivyo hivyo sasa hivi, ila yeye alisema kwa mdomo na sisi tumesema kwa miguu. Siwezi kumfukuza yeye nikawaacha ninyi. Shauri limefutwa."

Hakuna aliyekohoa. Mashaka aliinuka kwenye kigoda chake, akakaa tena.

Profesa alidhani mambo yamekwisha. Hakuwa ameijua nchi ile vya kutosha. Mheshimiwa Dhahiri hakuwa mtu wa kushindwa kisha akabaki upande ulioshindwa, na kabla ya wiki kumalizika alitangaza kwamba serikali imegundua neno jipya la maendeleo. Sheria ya Jibu ilifutwa, ikaja Sheria ya Unyenyekevu. Tangu siku hiyo kila mwenye cheo alitakiwa kusema "sijui" kwa lolote atakaloulizwa, na kumpinga mtu aliyesema hajui kukawa ni kumvunjia heshima.

Yakini ikageuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Madaktari waliwaambia wagonjwa kwamba hawajui kama wanaumwa. Makondakta walipaza sauti, "Hatujui tunakwenda wapi, pandeni." Bwana Hakika, aliyekuwa akijua umri wa kila mti chuoni, sasa aliulizwa mbili jumlisha mbili akatabasamu kwa unyenyekevu. Daktari Thabiti alianzisha shahada ya uzamili katika Kutojua, na walioomba walikuwa wengi, maana haikuwa na kusoma.

Katikati ya hayo Mashaka alirudi ofisini. "Mama Mkuu, bado wiki moja mahafali yafanyike ukumbini. Nimekwenda stoo kuomba ngazi. Mtunza stoo ameniambia hajui kama ipo."

"Labda kweli haipo."

"Alikuwa ameiegemea."

Kutaka kujua sasa kulikuwa ndilo kosa, kuliitwa kiburi. Profesa Sauda alifikiri kidogo, akachukua fimbo yake, akaenda stoo, akamwambia mtunza stoo kwamba kama hajui ngazi ipo, hatajua imeondoka, akaibeba pamoja na Mashaka hadi ukumbini, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Kijana alipoweka mguu kwenye kidato cha kwanza, Profesa alimshika shati.

"Shuka. Ukionekana huko juu watakufukuza. Mimi wakinifukuza, nina kwetu."

"Mama Mkuu, goti lako."

"Goti langu halijui, kama wenzake wote. Shika ngazi."

Tangu utotoni aliogopa mahali pa juu. Hata kwenye baraza la ghorofa ya kwanza alipendelea kukaa karibu na mlango. Alipanda akisoma moyoni beti za lugha iliyokufa, maana hizo hazikumtaka aangalie chini, na kila kidato goti lilimlaani. Alipofika juu alishika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaichomeka fimbo kwenye boriti, akitarajia ukinzani wa mti.

Fimbo ilizama hadi kwenye mpini, kama kisu kinachoingia kwenye mkate wa mofa uliotoka jikoni sasa hivi. Alipoichomoa, mchwa walimiminika, wakitembea kwa haraka na kwa utaratibu, kama waliokuwa na kikao chao.

"Unaona nini?" akauliza Mashaka kutoka chini.

"Seneti," akasema Profesa, na akashuka kidato kwa kidato.

Alikwenda moja kwa moja kwa Waziri, vumbi likiwa bado nyweleni. Alimweleza kwamba boriti imeliwa ndani, imebaki ganda tu, na kwamba watu mia tatu watakaa chini yake.

"Sijui," akasema Mheshimiwa Dhahiri kwa upole.

"Nimeigusa kwa fimbo hii."

"Huo ni mtazamo wako, Profesa. Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba binadamu hajui. Tumekusikiliza. Sasa unarudi kutuambia unajua?"

Hilo lilimuuma kuliko yote aliyowahi kuambiwa huko. Maisha yake yote alikuwa amelitumia neno lile kwa heshima, kama mtu anayesimama mahali barabara inapokatika na kuweka kigingi ili wengine wasitumbukie. Sasa waling'oa kigingi, wakakifanya pambo.

Asubuhi ya mahafali wageni walijaa uani kwa mavazi yao mazuri. Mlango wa Ukumbi Mkuu ulikuwa umefungwa. Mbele yake alisimama Profesa Sauda katika joho lake, na ufunguo, mkubwa kama kijiko cha pilau, ukining'inia shingoni mwake kwa utepe wa kijani.

Bwana Hakika alikuja kwa haraka. "Mama Mkuu, ufunguo uko wapi?"

"Sijui," akasema Profesa Sauda.

Bwana Hakika aliutazama ufunguo. Ufunguo ulitikisika kidogo kila Profesa alipopumua. Sheria ilikuwa wazi: kumpinga ni kumvunjia heshima.

"Wala mimi sijui," akasema Bwana Hakika, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa.

Waziri alikuja, akauona, akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa sheria yake. Viti vilivyokuwa vimeshapangwa ndani vikaachwa huko huko, na watu wakasimama uani. Mvua ikaanza kunyesha, mvua ambayo Idara ya Hewa haikuijua. Wazazi walinung'unika. Mama yake Mashaka, aliyevaa gauni la kuazima, alimfunika mwanawe masikio yake makubwa kwa mtandio. Na Profesa Sauda, aliyekuwa amesimama akilowa, hakuwa na raha. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amelitamka neno lile kwa uongo, na halikumtoka vizuri mdomoni.

Waziri alikuwa katikati ya hotuba yake, akieleza kwa kirefu mambo asiyoyajua, vigae vilipolemewa na maji. Haukuwa mshindo mkubwa mwanzoni. Ilisikika kama mtu anayeguna. Kisha paa lote la Ukumbi Mkuu likaingia ndani, madirisha yakatema vumbi, na mlango ukafunguka wenyewe bila ufunguo.

Kupitia mlangoni viti vilionekana, safu kwa safu, vimesagwa chini ya vigae. Mama mmoja alianza kulia, kisha wengine.

Mheshimiwa Dhahiri ndiye aliyepata sauti kwanza. Alijifuta vumbi usoni. "Hili," akasema, "tulilijua."

"Tulilijua," akaitikia Daktari Thabiti, na wajumbe wa Seneti wakalipokea, mmoja hadi mwingine, mpaka uani kote hapakubaki mtu ambaye hakujua.

Kila aliyemfahamu Profesa Sauda aligeuka kumtazama, akisubiri atakalosema. Yeye alikwenda kwa Mashaka, akamshika mkono, wakasimama wakitazama viti.

Siku chache baadaye alimwendea Waziri akiwa na pendekezo fupi: mtu aruhusiwe kusema hajui, mradi aseme pia atafanya nini ili ajue.

"Hilo nilikuwa ninalo tangu zamani," akasema Waziri.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe," akasema Profesa Sauda, na sheria ikapitishwa kwa jina la Dhahiri. Nayo si mbaya, kwa sheria za Yakini. Mashaka alihitimu, akapewa ngazi yake, na hadi leo huko wazazi huwapa watoto jina lake bila kuogopa karani wa vizazi.

Seneti ikabaki haina pa kukutania. Pahali pekee penye paa la kuaminika na nafasi ya kutosha palikuwa jikoni, himaya ya Bi. Subira, mpishi mkuu, mwanamke mwenye mikono minene na subira kidogo kuliko jina lake. Aliwakubali kwa sharti moja: mjumbe atakayesema mpaka maharage yakaanza kuchemka atamenya vitunguu. Vikao vilivyokuwa vikila siku nzima vikaanza kumalizika kabla ya chakula. Ukumbi mpya ulipokamilika, wajumbe walikataa kuhama, ukapewa wanafunzi. Profesa Sauda alipenda kuketi kwenye gunia la mchele karibu na dirisha, akiwatazama. Bwana Hakika, ambaye hakuweza kuacha hotuba zake, alikuja kuwa mmenyaji hodari kuliko wote chuoni. Na baadhi ya siku, katikati ya rundo la maganda, machozi yakimchuruzika, alisikika akiuliza swali.